Maji ya Kunywa, Maji ya Kuogelea

Kwa nini ziwa la Stockholm linaogeleka, na bwawa la Nairobi limegeuka uwanja wa magugu? Tumefuatilia historia ya maji ya miji miwili. Jibu tulilolipata silo lile tulilozoea kulisikia mezani.

Mwezi wa Julai, joto likipanda, nusu ya Stockholm iko majini. Smedsudden, Långholmen, Rålambshov, Tanto: watoto wanaruka kutoka gatini, wazee wanakunywa kahawa kwenye nyasi, na vijana wa rika letu wanabishana nani alipaswa kubeba mkaa. Ziwa hilo ni Mälaren. Na Mälaren ndilo linalojaza birika la chai ukirudi nyumbani. Zaidi ya watu milioni mbili wa eneo hili hunywa maji ya ziwa lile lile wanaloogelea, wanalovua samaki na, likishaganda, wanaloteleza juu yake.

Tulipokutana kupanga toleo hili la kiangazi, mmoja wetu alitaja jambo ambalo karibu sote tumelisikia. Mgeni akija kutoka Nairobi, Mwanza au Bujumbura, ukampeleka kuona watu wanaogelea katikati ya jiji, atatikisa kichwa na kusema: "Wenzetu hawa ni wasafi. Sisi tungekuwa tumeshalichafua zamani." Shangazi husema hivyo, mjomba huitikia, na sisi tuliozaliwa huku tunanyamaza kwa sababu hatuna la kujibu.

Safari hii hatukunyamaza. Mwenzetu mmoja, ambaye wazazi wake walikulia Lang'ata, alisema Nairobi nayo ilikuwa na maji ya namna hiyo: bwawa lililochimbwa liwe akiba ya maji ya kunywa, ambalo watu walipanda mashua za tanga siku za Jumapili. Leo ukipita pale unaona majani tu. "Basi si ndivyo shangazi anavyosema?" akauliza mwingine. Ubishi uliendelea hadi tukafukuzwa chumbani. Makala haya yametokana na ubishi huo.

Ziwa linaloshikwa na milango

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Katika Kiswahili, bwawa lina maana mbili. Ni maji yaliyozuiwa kwa ukuta uliojengwa na watu, kama Mtera kule Tanzania. Tena ni mahali penye maji yaliyotuama na majani, yaani kinamasi. Nchini Kenya utasikia pia neno silanga, na Tanzania bwawa dogo la kunyweshea mifugo huitwa lambo. Shikeni maana hizo mbili za bwawa, kwa maana tutazihitaji mbele.

Je, Mälaren ni ziwa au bwawa? Ramani inasema ziwa, tena la tatu kwa ukubwa nchini Sweden, lenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,000. Lakini hadi karibu mwaka 1200 halikuwa ziwa. Lilikuwa ghuba ya Bahari ya Baltiki yenye maji ya chumvi kidogo. Ardhi ya huku, iliyolemewa na barafu nzito maelfu ya miaka iliyopita, bado inainuka polepole, hapa Stockholm karibu nusu sentimita kwa mwaka. Ilipoinuka vya kutosha, mlango wa ghuba ukawa mwembamba, maji matamu ya mito yakajaa ndani, na chumvi ikabaki nje.

Hata hivyo, tofauti kati ya ziwa na bahari ni ndogo mno, chini ya mita moja. Bahari ikipanda, maji ya chumvi yangeweza kurudi ndani. Mvua ikizidi, ziwa lingefurika. Kwa hiyo tangu 1943 kimo cha Mälaren kinaongozwa na watu. Kuna malango na vizuizi kwenye njia zake za kutokea baharini, na kuna wahandisi ambao kazi yao ni kuamua yafunguliwe lini na kwa kiasi gani. Katika majira ya kupukutika majani ya mwaka 2000, mvua zilinyesha mfululizo na ziwa likapanda hadi kutishia njia za treni za chini ya ardhi. Hiyo ni sababu moja kubwa ya ujenzi mpya wa Slussen, ule ambao wengi wetu tumeukuta ukiendelea tangu tulipokuwa shule ya msingi: malango mapya ya pale yanaweza kupitisha maji mengi mara tano kuliko ya zamani.

Mälaren, basi, limeumbwa na ardhi lakini linashikwa na mikono ya watu. Ni ziwa na bwawa kwa pamoja.

Stockholm iliyonuka

Sasa turudi kwa usemi wa shangazi. Kama watu wa hapa ni wasafi kwa asili, Stockholm ya zamani ingekuwa safi. Haikuwa.

Katika karne ya 19, karibu na Kornhamnstorg pale Gamla stan, palikuwa na jalala la wazi la kinyesi cha mji, kando ya maji. Wenyeji walipaita Flugmötet, yaani Mkutano wa Nzi. Maji ya kunywa yalichotwa visimani na ziwani, na uchafu ulirudi huko huko. Mwaka 1834 kipindupindu kiliingia Stockholm. Katika mji uliokuwa na wakazi wapatao 80,000, zaidi ya watu 3,000 walikufa katika muda wa miezi michache. Kilirudi tena mwaka 1853.

Mwaka 1861 mji ulifungua mtambo wake wa kwanza wa maji karibu na Skanstull, uliovuta maji ya Årstaviken, yakachujwa kwenye mchanga na kupelekwa kwa mabomba. Lilikuwa jambo kubwa, lakini lilikuwa nusu ya kazi. Maji yaliyoingia mjini kwa bomba yalipaswa kutoka, na yalipotoka yalimwagwa katika maji yaliyo karibu bila kusafishwa. Mji ulikua, viwanda vikaongezeka, na mahali pale pa kuchotea pakachafuka.

Stockholm ilifanya nini? Ilihama. Mwaka 1904 ulifunguliwa mtambo wa Norsborg, magharibi mwa jiji, na mwaka 1933 ukafuata wa Lovö. Angalia ramani na utaelewa akili iliyotumika. Mälaren hutiririka kutoka magharibi kwenda mashariki: maji huingia upande wa Västerås na mito mingine, hupita mjini, kisha hutokea baharini. Midomo ya mabomba ya maji ya kunywa iko magharibi, kabla maji hayajafika katikati ya jiji. Majitaka yaliyosafishwa humwagwa mashariki, upande wa bahari. Aliye juu ya mkondo hunywa, na kinachotoka chooni hupelekwa chini ya mkondo.

Lakini hata hilo halikutosha kuwarudisha watu majini. Mtambo mkubwa wa kwanza wa kusafisha majitaka, Åkeshov, ulianza kazi 1934, na ule wa Henriksdal, uliochimbwa ndani ya mwamba, ulifunguliwa 1941. Hesabu: kutoka bomba la kwanza la maji safi hadi mtambo mkubwa wa kwanza wa majitaka ilipita zaidi ya miaka 70. Katika miaka hiyo yote watu wa Stockholm, hao hao wasafi wa shangazi, walikuwa wakimwaga uchafu wao ziwani. Maji ya katikati ya jiji yaliendelea kuwa mabaya kwa kuogelea hadi miaka ya 1970, wakati mitambo ilipoanza kuondoa fosforasi kwa kemikali na mwani ukapungua. Wazazi wa marafiki zetu Waswidi waliozaliwa miaka ya 1950 ni watoto wa jiji ambalo halikuogeleka.

Maji yanayofika kwenye bomba lako nayo hupita kazi ndefu. Kule Norsborg na Lovö hutiwa chumvi ya alumini, ndugu wa ile shabu ambayo bibi zetu walitumia kutuliza maji ya tope. Taka ndogondogo hushikamana na kuzama. Kisha maji hupita kwenye mchanga kwa haraka, halafu kwenye mchanga mwingine polepole sana, ambamo viumbe wadogo hula uchafu uliobaki. Mwisho humulikwa kwa miale ya urujuanimno na kutiwa dawa kidogo ya klorini ili yasiharibike njiani. Ukinywa glasi ya maji huku ukitazama simu, umekunywa kazi ya watu wengi.

Akiba mbili

Kuna maji mengine ambayo wachache wetu walikuwa wameyasikia kabla ya makala haya: Bornsjön, ziwa lililoko kusini-magharibi, kati ya Salem na Botkyrka. Hilo ndilo akiba ya Stockholm. Siku Mälaren likichafuka, tuseme meli ikimwaga mafuta, mtambo wa Norsborg unaweza kuvuta maji ya Bornsjön badala yake.

Tangu enzi za kuanzishwa kwa Norsborg, jiji lilianza kununua mashamba na misitu inayolizunguka ziwa hilo. Leo unaweza kutembea msituni na kuchuma uyoga, lakini kuogelea ni marufuku. Mji ulikubali kuwa na ziwa zuri lisilotumika kwa raha yoyote ya majini, kwa ajili ya siku mbaya ambayo huenda isifike.

Nairobi nayo ilikuwa na akiba. Mwaka 1953, chini ya serikali ya kikoloni, ulijengwa ukuta wa kuzuia Mto Motoine, kati ya Kibera na Lang'ata. Bwawa lililopatikana, Nairobi Dam, lilikusudiwa liwe maji ya dharura ya jiji. Halikuwa kubwa wala la kina kirefu. Kwa wastani kina chake hakikufika mita tatu. Lakini lilikuwa maji ya wazi katika jiji lisilo na bahari wala ziwa, na watu walilipenda. Kulikuwa na klabu ya mashua za tanga. Kulikuwa na wavuvi wa mshipi. Wazee wetu waliokulia mitaa ya karibu husimulia habari za kwenda kukaa ukingoni Jumapili baada ya kanisa, wakitazama matanga meupe. Tena raha hiyo haikuwa sawa kwa wote: mashua, kama mengi ya wakati ule, zilianza kama starehe ya wachache.

Hapa ndipo tunapopaswa kusimama kidogo. Watu wengi wanasimulia kana kwamba bwawa lilikuwepo, kisha Kibera ikaja kulichafua. Kwa kweli Kibera ilitangulia. Mwanzoni mwa karne ya 20, askari Wanubi waliotumikia jeshi la Waingereza walikuwa wameshakaa pale, na jina lenyewe, Kibra, kwa Kinubi ni msitu. Bwawa lilipojengwa 1953, lilijengwa chini ya mkondo wa makazi ya watu. Na moja ya vijiji vya Kibera vilivyo kando yake kinaitwa Silanga. Watu waliliita bwawa hilo kwa lugha yao na kulifanya jina la mahali pao.

Kilichofuata kinajulikana. Jiji lilikua haraka. Maelfu walikuja kutafuta kazi, na waliokuwa na mshahara mdogo walipata nafasi Kibera, ambako serikali, ya kikoloni na baadaye ya uhuru, haikutambua haki yao ya ardhi. Mahali pasipotambuliwa hapapelekewi mabomba ya majitaka. Hapapelekewi magari ya taka. Kilichotoka kwenye vyoo vya shimo, mitaroni na majalalani kilifuata mteremko, na chini ya mteremko kulikuwa na bwawa. Lakini hakikutoka Kibera peke yake. Mto Motoine hupita sehemu nyingi kabla ya kufika hapo, na uchafu wake ulichangiwa na wenye nyumba za mawe na magari pia.

Maji yenye mbolea nyingi hivyo ni karamu ya gugumaji. Katika miaka ya 1990 mmea huo ulitanda juu ya bwawa. Tope lililetwa na mto likajaza kina. Leo sehemu kubwa ni majani na udongo, na pembezoni watu hulima. Serikali na mashirika wametangaza mara kadhaa mipango ya kulifufua. Ile maana ya pili ya bwawa, ya kinamasi, ndiyo iliyobaki.

Kwa hiyo miji yote miwili ilikuwa na maji ya akiba. Mmoja ulinunua ardhi ya juu ya mkondo ili akiba yake isichafuliwe. Mwingine uliacha watu waishi juu ya mkondo na ukawanyima mfereji. Hatukuona mahali popote katika historia hizi ambapo tabia ya watu ndiyo iliyoamua.

Nairobi inakunywa wapi?

Msomaji ataulizia: kama akiba imekufa, Nairobi inaishi vipi? Inakunywa kutoka mbali, kwenye milima ya Aberdare. Kuna bwawa la Ruiru, kuna Sasumua, na kubwa kuliko yote ni bwawa la Thika, linaloitwa na wengi Ndakaini, katika eneo la Gatanga, kaunti ya Murang'a. Lilikamilika mwaka 1994 na linaweza kushika mita za ujazo milioni 70. Maji yake hushuka hadi mtambo wa Ng'ethu na kutoka hapo hadi Nairobi. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka huko. Mwaka 2022 lilianza kuongezewa maji ya mito ya Irati, Gikigie na Maragua kupitia handaki la urefu wa karibu kilomita 12.

Ndakaini pia ni mahali pa raha. Watu huenda kutembea, kula nyama na kupiga picha, na tangu 2004 zimekuwa zikifanyika mbio za kilomita 21 kulizunguka bwawa, kwa ajili ya kuchangia utunzaji wa vyanzo vya maji. Wale wanaofuata riadha wanajua kwamba vilima vile si vya mchezo.

Lakini nako kuna malalamiko. Familia zilihamishwa ili bwawa lijengwe, na wakazi wa vijiji vya karibu wamesema kwa miaka mingi kwamba wanayaona maji yakienda Nairobi huku bomba lao halitoi kitu. Viongozi wa Murang'a wamedai mgao wa mapato ya maji hayo. Kwa hiyo hata njia ya Bornsjön, ya kwenda mbali na kuzuia watu, ina mtu anayeilipia, na mara nyingi si yule anayekunywa.

Kule Kibera, watu hununua maji kwa mtungi, na kila utafiti unaotajwa kuhusu mitaa ya namna hiyo unasema lile lile: lita moja ya mtungini ni ghali kuliko lita moja ya bombani katika nyumba ya tajiri. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Imeandikwa. Bomba bado.

Nani mchafu?

Turudi mezani, shangazi akiwa ameshika kikombe.

Tuseme familia moja ya watu watano inaishi Hägersten na nyingine ya watu watano inaishi Silanga. Zote mbili zinapika, zinafua, zinaoga, zinakwenda chooni. Familia ya Hägersten inabonyeza kitufe na uchafu wake unaondoka. Haijui unakwenda wapi. Tulipoulizana wenyewe kwa wenyewe chumbani, katika watu kumi na wawili ni wawili tu walioweza kutaja jina la mtambo wa majitaka. Familia ya Silanga inajua vizuri sana uchafu wake unakwenda wapi, kwa sababu unapita mlangoni. Inalipia choo cha pamoja kila siku. Inafagia mtaro mvua ikikaribia. Ukipima jitihada ya kila familia katika usafi, Silanga inashinda kwa mbali. Ukipima maji ya chini ya mkondo, Hägersten inashinda. Tofauti yao ni bomba lililo chini ya sakafu.

Hatusemi kwamba hakuna anayekosea. Anayemwaga tindikali ya kiwanda mtoni usiku anajua anachofanya. Anayejimegea ardhi ya ukingo wa mto na kujenga ghorofa anajua pia. Lakini usemi wa "sisi ni wachafu" huwafunika watu hao vizuri sana. Kosa likiwa la kila mtu, hakuna wa kuulizwa. Na ukikubali kwamba ni asili yetu, hutadai mfereji. Utaona aibu tu, na aibu haijengi kitu.

Usemi huo unatudhuru na sisi huku. Mtoto anayekua akisikia kwamba watu wa kwao huharibu maji hujifunza kwamba ziwa zuri ni mali ya wengine, na yeye ni mgeni wa kuvumiliwa. Tumeiona aibu hiyo ufukweni: familia zetu hukaa mbali kidogo, karibu na maegesho, kana kwamba zinaomba ruhusa. Wengi wetu tulichelewa kujifunza kuogelea. Shule za Sweden zinataka mwanafunzi afikapo mwisho wa darasa la sita aweze kuogelea mita 200, na 50 kati ya hizo chali. Kuna kati yetu waliokuwa wakitafuta visingizio vya tumbo kila siku ya bwawa. Hakuna aliyetuambia kwamba Nairobi nayo iliwahi kuwa na matanga.

Na wapo watu wa Kibera ambao hawakungoja. Kwa miaka mingi vikundi vya wakazi, pamoja na wasanifu wa Kounkuey Design Initiative, wamekuwa wakigeuza majalala ya kingo za mto, juu ya Nairobi Dam, kuwa viwanja vya umma vyenye vyoo, mahali pa kufulia na michezo ya watoto. Ni hatua ndogo ukilinganisha na tatizo. Lakini zimeanza mahali sahihi: juu ya mkondo, na kwa choo.

Ziwa letu pia linaweza kufa

Kama usafi ni kazi, basi kazi ikisimama usafi unaondoka. Mälaren halina kinga. Mwaka 2008 eneo la mashariki ya ziwa lilitangazwa rasmi kuwa ukanda wa kulinda maji, wenye masharti kwa mashamba, viwanda na meli. Hata hivyo kuna kemikali za kudumu zilizotumika katika povu la kuzimia moto na bidhaa nyingi za nyumbani, ambazo haziozi na ambazo wataalamu wa maji wanazifuatilia kwa wasiwasi. Na kuna bahari. Hali ya hewa ikizidi kupata joto, Baltiki itapanda, na ile tofauti ndogo ya chini ya mita moja itazidi kupungua. Chumvi iliyotoka miaka 800 iliyopita inaweza kubisha hodi tena. Siku hiyo watu milioni mbili watajua kwamba walikuwa wakinywa bwawa.

Yapo mambo ambayo kila mmoja wetu anaweza kufanya tangu leo. Usioshe gari barabarani, kwa sababu mitaro mingi ya mvua huishia ziwani bila kusafishwa. Dawa zilizobaki zirudishwe duka la dawa, zisitiwe chooni. Rangi, vimiminika vya kusafishia na mafuta ya gari vipelekwe kituo cha taka za hatari. Mafuta ya kukaangia mandazi yasimwagwe kwenye sinki. Yakusanye kwenye chupa. Na kabla hujaingia majini, soma matokeo ya vipimo vya maji ambavyo jiji hutoa kwa fukwe zake wakati wa kiangazi.

Kubwa kuliko hayo ni kuuliza. Wengi wetu tutapiga kura hapa Septemba ikifika mwaka wa uchaguzi, na wengine wana haki ya kupiga kura Kenya, Tanzania au kwingine. Swali la mfereji wa majitaka halina mvuto jukwaani. Hakuna anayekata utepe wa choo kwa furaha. Lakini historia za miji hii miwili zinasema kwamba maji safi huanzia hapo. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo, yaoge. Stockholm ilivua nguo 1861 na ilichukua zaidi ya karne moja kuoga. Nairobi ilivua 1953 ikaishia ukingoni.

Klabu itafanya matembezi mawili mwezi wa Agosti: Bornsjön kwa miguu, na Långholmen kwa kuogelea, wanaojua na wanaojifunza. Waleteni wazazi, na hasa yeyote anayekumbuka Nairobi Dam likiwa na maji. Tutaleta chai na kinasa sauti. Tunataka kumbukumbu hizo zihifadhiwe kwa Kiswahili kabla hazijafunikwa na magugu nazo.

Maneno ya toleo hili

Bwawa: maji yaliyozuiwa kwa ukuta; pia kinamasi.
Gugumaji: mmea unaoelea na kutanda juu ya maji yenye mbolea nyingi.
Juu ya mkondo, chini ya mkondo: upande maji yanakotoka, na upande yanakokwenda.
Lambo: bwawa dogo, hasa la mifugo.
Majitaka: maji yaliyokwisha kutumika, ya chooni, jikoni na bafuni.
Mtaro: njia ya wazi ya kupitishia maji ya mvua au machafu.
Silanga: bwawa, kwa Kiswahili cha Kenya, pia kijiji cha Kibera.